WAWINDAJI WA TUFANI
Jinsi ngurumo zizungukazo zinavyotazamwa na kupigwa picha katika nchi tambarare za Marekani

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Aprili mpaka wa Juni, katika nchi tambarare zilizo katikati ya Marekani huonekana jambo ambalo mgeni akiliona mara ya kwanza hudhani kwamba watu wa huko wamerukwa na akili. Wingu kubwa la ngurumo hutokea upande wa magharibi. Wakulima huwarudisha ng'ombe zizini, kina mama huwaita watoto ndani, na mafundi huacha kazi zao juu ya mapaa. Lakini katika barabara hiyo hiyo zapita motokaa nyingi, moja nyuma ya nyingine, zikielekea kule kule linakotoka wingu. Waliomo ndani wamechukua kamera, ramani na vyombo vya kupimia upepo. Hawa ndio wanaoitwa wawindaji wa tufani. Mnyama wao ni wingu, na kitoweo wanachokwenda nacho nyumbani ni picha.

Baadhi yao ni wataalamu wa hali ya hewa, na kazi yao ndiyo hiyo. Baadhi ni wapiga picha wanaouza picha zao kwa magazeti na televisheni. Wengine ni watu tu, waalimu, makarani, maseremala, ambao huomba likizo yao mwezi wa Mei ili wakatazame mawingu. Yafaa tueleze wanachokitafuta ni nini, maana si ngurumo ya kawaida.

Kwanza tutenge maneno, kwa kuwa katika lugha yetu upepo wenye kuzunguka una majina mengi na watu huyachanganya. Kimbunga kitokacho baharini, kama vile vinavyopiga pwani ya Msumbiji na Bukini, ni duara kubwa la dhoruba lenye upana wa mamia ya maili, nacho hudumu siku nyingi. Chamchela ni ule upepo mdogo unaochukua vumbi na majani makavu uwanjani wakati wa jua kali. Nasi tulipokuwa watoto tuliufukuza na kutupa makaratasi ndani yake ili tuyaone yakipanda juu. Chamchela hauna wingu. Lakini kisulisuli tunachokisema hapa ni mkonga wa upepo unaoning'inia kutoka chini ya wingu la ngurumo mpaka ukagusa ardhi, nao waweza kuing'oa nyumba ya matofali na kuacha sakafu tupu. Wingu linalozaa visulisuli vikali kabisa ni lile ambalo lenyewe lote lazunguka, na wataalamu huliita supaseli.

Jina hilo lilitolewa na Mwingereza, Bwana Keith Browning. Yeye pamoja na mwenzake Frank Ludlam waliichunguza kwa rada tufani ya mvua ya mawe iliyopita juu ya mji wa Wokingham, Uingereza, tarehe 9 Julai 1959, wakaona kwamba haikuwa na tabia ya ngurumo nyingine. Baadaye, katika miaka ya 1960, Bwana Browning alikwenda Oklahoma, akazikuta za jamii ile ile, kubwa zaidi na nyingi zaidi.

KWA NINI HUZUNGUKA

Msomaji aliyepata kusafiri kwa gari moshi katika mbuga za Kapiti na Athi ataweza kuifikiri nchi hiyo: uwanda usio na mwisho, anga kubwa, na mti mmoja mmoja kwa mbali. Imeanzia Texas upande wa kusini, ikapita Oklahoma, Kansas na Nebraska, hata ikafika majimbo mawili ya Dakota. Upande wa magharibi imezuiwa na milima mirefu ya Rocky. Upande wa kusini iko Ghuba ya Meksiko, bahari yenye maji ya moto. Kati ya ghuba hiyo na uwanda hakuna mlima hata mmoja wa kuzuia upepo.

Basi wakati wa machipuko pepo tatu hukutana hapo. Kutoka ghubani huja hewa ya joto iliyojaa unyevu, nayo hutambaa chini chini. Kutoka majangwa na nyanda za juu za magharibi huja hewa kavu ya moto, ambayo hupanda juu ya ile yenye unyevu na kuifunika kama kifuniko cha sufuria. Na juu kabisa, futi elfu 30 hivi, hupita upepo wa nguvu utokao magharibi, ule ambao marubani wa ndege huufahamu sana. Tangu asubuhi jua huipasha moto hewa ya chini, nayo hutaka kupanda lakini kifuniko chaizuia. Saa kumi jioni, au kumi na moja, kifuniko hushindwa mahali pamoja. Hewa hufumka kwa kasi ya ajabu, na katika muda wa nusu saa anga lililokuwa jeupe huwa na mnara wa wingu wenye kimo cha futi 50,000 au zaidi, yaani karibu mara mbili ya Mlima Everest.

Lakini hilo bado halijaeleza mzunguko. Mwangalie mfinyanzi anapotengeneza kamba ya udongo. Huweka udongo kati ya viganja viwili. Kiganja cha chini hutulia na cha juu husogea, na udongo ulio katikati huviringika. Ndivyo ilivyo hewani. Upepo wa chini huenda polepole na wa juu huenda mbio, na tena kila uupandiapo hubadili upande utokako. Hewa iliyo kati yao huviringika kama gogo lililolala. Gogo hilo halionekani kwa macho, wala halidhuru mtu. Ila hewa ipandayo ndani ya wingu ikilikuta, hulikamata na kulisimamisha wima. Sasa ile nguzo ya hewa ipandayo inazunguka, na wingu lote lililoizunguka hugeuka pamoja nayo. Huko Marekani nyingi huzunguka kinyume cha mwendo wa akrabu za saa.

Kuna faida nyingine ambayo tufani hupata kwa upepo wa juu. Ngurumo ya kawaida hujiua yenyewe: mvua yake huanguka katika ile hewa ipandayo inayoilisha, kama mpishi amwagaye maji juu ya moto wake mwenyewe, na baada ya saa moja hivi yote yamekwisha. Lakini katika supaseli upepo wa juu huichukua mvua ikaangukia mbali, upande mwingine, na njia ya hewa ipandayo hubaki wazi. Kwa hiyo yaweza kuishi saa nyingi na kusafiri zaidi ya maili mia. Mkondo wa hewa ndani yake hupanda kwa mwendo wa maili 100 kwa saa, na wakati mwingine zaidi, ndiyo sababu huweza kulishikilia jiwe la barafu hewani mpaka likue. Tarehe 23 Julai 2010, huko Vivian, South Dakota, lilianguka jiwe lenye upana wa inchi 8 na uzito wa karibu ratili 2. Mtu apigwaye kichwani na jiwe kama hilo hahitaji daktari.

MPIGA PICHA HUSIMAMA WAPI

Jambo la kwanza ambalo mwindaji hujifunza ni mahali pa kusimama. Tufani hizi kwa kawaida huelekea mashariki au kaskazini-mashariki. Mvua na mawe yake huanguka zaidi upande wa kaskazini na wa mbele. Sehemu izungukayo iko nyuma, upande wa kusini-magharibi, na chini yake mara nyingi ni pakavu. Kwa hiyo mtu husimama kusini-mashariki ya tufani na kuelekeza kamera kaskazini-magharibi. Hapo haloweshwi, mwanga wa jua lishukalo huja nyuma ya wingu na kulichora vizuri, na njia ya kuondokea kuelekea kusini iko wazi. Akisimama kaskazini hataona ila ukuta wa mvua, na kisulisuli chaweza kumjia kikiwa kimefichwa ndani yake.

Kisha huangalia tumbo la wingu. Chini ya ile sehemu kavu mara nyingine huteremka donge la wingu lililo chini kuliko mengine, ambalo huitwa wingu la ukuta. Likiwa linageuka polepole mbele ya macho, na vipande vya wingu vikipandishwa ndani yake kwa haraka, hapo ndipo mwindaji huacha kuzungumza. Hata hivyo supaseli zilizo nyingi hazizai kisulisuli kabisa. Mtu huweza kuendesha maili 500 kwa siku, akala mkate mkavu ndani ya motokaa, akarudi na picha ya machweo tu.

Wapiga picha walio wazoefu hawalii kwa hilo. Wao hupenda picha ya wingu zima zaidi ya mkonga wenyewe. Supaseli iliyosimama peke yake katika uwanda, ikitazamwa kwa umbali wa maili kumi, huwa na mistari ya duara juu ya duara kama alama za vidole vya mfinyanzi ubavuni mwa chungu kibichi, na juu imetandaa bapa kama fuawe ya mhunzi. Kwa picha ya namna hii hutumia lenzi yenye kutwaa upana mkubwa na kisimamio cha miguu mitatu kilichofungiwa uzito ili kisiangushwe, maana upepo uvutwao kuelekea tufani huwa na nguvu. Usiku huacha jicho la kamera wazi kwa sekunde kadhaa, na umeme wenyewe hujiandika. Tena hawasimami karibu na ua wa seng'enge, wala chini ya mti ulio peke yake. Umeme ukikaribia hurudi ndani ya motokaa na kufunga milango, kwa kuwa bati la motokaa huupitisha umeme nje mpaka ardhini. Tufani ikiisha kupita mashariki, jua la magharibi huliangaza wingu lote, na chini ya ile fuawe huonekana mifuko iliyoning'inia kama viwele vya ng'ombe, yenye rangi ya dhahabu. Wengi husema hiyo ndiyo nusu saa waliyoifuata.

Barabara za huko humsaidia mwindaji. Katika sehemu kubwa ya Kansas na Oklahoma nchi ilipimwa kwa miraba ya maili moja, na barabara hupita mpakani mwa kila mraba, zikikatana sawasawa. Lakini nyingi ni za udongo, na mvua ya robo saa huzigeuza utelezi. Mtu yeyote aliyepata kukwama katika udongo mweusi wakati wa masika atafahamu hatari ya kukwama hapo na kisulisuli kikija.

PICHA NA MAISHA YA WATU

Picha za kwanza za kisulisuli zinazojulikana zilipigwa mwaka 1884: moja huko Kansas tarehe 26 Aprili, na nyingine katika Dakota mwezi wa Agosti. Kamera za siku hizo zilikuwa masanduku mazito, na ilibidi kisulisuli kiende taratibu ndipo kipigwe. Picha ya Dakota ilirekebishwa kwa mkono kabla ya kuuzwa, kwa hiyo hila hii haikuanza leo.

Wapo walioona bila kamera. Tarehe 22 Juni 1928 mkulima mmoja wa Greensburg, Kansas, jina lake Will Keller, alikuwa akiwaingiza watu wake katika shimo la kujificha. Aligeuka mlangoni kutazama mara ya mwisho, na kisulisuli kikapita juu ya kichwa chake, kimeinuka kidogo kutoka ardhini. Akaangalia ndani yake. Alieleza kwamba aliona uwazi wa duara wenye kuta za wingu zizungukazo, uliokwenda juu kama nusu maili, umeangazwa na umeme usiokoma. Maelezo yake yalichapishwa katika jarida la wataalamu, na kwa miaka mingi hayakuwa na mfano wake. Mji huo wa Greensburg ulikuja kuharibiwa karibu wote na kisulisuli kingine usiku wa tarehe 4 Mei 2007.

Siku za Keller hakukuwa na onyo lolote. Tarehe 18 Machi 1925 kisulisuli kimoja kilipita majimbo ya Missouri, Illinois na Indiana, kikaua watu 695. Kwa muda mrefu hata neno lenyewe halikuruhusiwa kutumiwa katika matabiri ya serikali, kwa hofu kwamba watu wangefadhaika. Mambo yalianza kubadilika tarehe 25 Machi 1948, maofisa wawili wa jeshi la anga, Ernest Fawbush na Robert Miller, walipotoa tangazo la kisulisuli katika kituo cha Tinker huko Oklahoma. Siku tano kabla yake kituo hicho kilikuwa kimepigwa, na asubuhi hiyo waliona ramani za hewa zinafanana na za siku ile. Ndege zikaingizwa mabandani. Jioni hiyo kisulisuli kikaja kweli.

Thamani ya picha za watu wa kawaida ilionyeshwa na Mjapani, Bwana Tetsuya Fujita, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Tarehe 20 Juni 1957 kisulisuli kilipiga mji wa Fargo, North Dakota, na kwa kuwa kilionekana tangu mbali, watu wengi walikipiga picha wakiwa nyumbani kwao. Bwana Fujita alizikusanya picha hizo, akaenda akasimama mahali aliposimama kila mpigaji, akapima, na kwa hesabu akapata kimo, upana na mwendo wa kila sehemu ya wingu. Jina la wingu la ukuta alilitoa yeye. Mwaka 1971 alitunga kipimo cha nguvu za visulisuli ambacho, kwa namna iliyosahihishwa, kinatumika Marekani mpaka leo.

Tarehe 24 Mei 1973 wachunguzi kutoka Norman, Oklahoma, walikipiga picha kisulisuli cha Union City tangu kilipozaliwa mpaka kilipokufa, huku wenzao wakikitazama kwa rada ya Doppler, ambayo huweza kupima mwendo wa mvua na upepo ndani ya wingu. Walipozilinganisha habari hizo mbili waligundua kwamba rada ilikuwa imeona mzunguko ndani ya wingu kabla kisulisuli hakijagusa ardhi. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1990 serikali ya Marekani ilijenga rada za namna hiyo, yapata 160, nchi nzima. Lakini rada haioni vizuri kilicho karibu na ardhi, hasa mahali palipo mbali na kituo. Kwa hiyo watazamaji wa kujitolea wangali wanafundishwa kwa picha hizi, nao hupiga simu kueleza wanachokiona. Dakika kumi za onyo zatosha kumshusha bibi kizee na wajukuu wake shimoni.

Wasomaji watauliza, Je, huku kwetu? Katika nchi zilizo karibu na ikweta pepo za juu kwa kawaida ni dhaifu, na yule mfinyanzi hana kiganja cha pili. Kwa hiyo tufani zizungukazo ni adimu sana, ingawa Afrika ya Kusini huzipata. Milima ya Kericho na Nandi yajulikana duniani kwa wingi wa siku za mvua ya mawe, lakini mawe yake kwa kawaida ni madogo. Mikonga ya maji inayoonekana juu ya Ziwa Viktoria nayo huzaliwa kwa njia nyingine, chini ya wingu linalokua. Ngurumo za usiku za ziwa hilo, hata zisipozunguka, zimezamisha wavuvi wengi.

Sasa lazima tutaje siku ya El Reno. Tarehe 31 Mei 2013, magharibi ya mji wa Oklahoma City, supaseli ilizaa kisulisuli ambacho kilipanuka mpaka kikawa na upana wa maili 2.6, ambao ni mkubwa kuliko wote uliopata kupimwa. Siku kumi na moja kabla yake mji wa jirani, Moore, ulikuwa umepoteza watu 24. Kwa hiyo wenyeji wengi walikuwa wamefadhaika, wakaingia barabarani kukimbia, wakajazana na wawindaji. Kisulisuli kilikuwa kimefunikwa na mvua. Kilikuwa kikienda kusini-mashariki, kisha kikageuka ghafula kuelekea kaskazini na kuongeza mwendo.

Katika motokaa moja ndogo walikuwamo Tim Samaras, mhandisi wa umri wa miaka 55, mwanawe Paul wa miaka 24, na mwenzao Carl Young. Samaras hakuwa mtu wa pupa. Wenzake walimheshimu kwa uangalifu wake. Tarehe 24 Juni 2003, huko Manchester, South Dakota, aliweka chombo chake njiani mwa kisulisuli, akaondoka, na chombo kikaandika kushuka kwa kanieneo ya hewa kwa millibari 100, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelipima kabla yake. Siku ya El Reno wote watatu waliuawa. Walikuwa wachunguzi wa kwanza wanaojulikana kufa namna hiyo. Jumla ya watu waliokufa kwa kisulisuli hicho ilikuwa wanane.

Baada ya msiba huo wataalamu waliwaomba wawindaji waliokuwapo watoe sinema walizopiga, kila mtu na yake. Zilikuja nyingi, kutoka pande zote za kisulisuli, lakini saa za kamera hazikuwa zimepatana. Ndipo ikaonekana kwamba kila umeme uliopiga ulikuwa umeandikwa katika sinema zote kwa wakati mmoja. Wakazipanga kwa umeme huo, mmoja baada ya mwingine, na sasa mtu aweza kukitazama kisulisuli kile kutoka pande zote, sekunde kwa sekunde, pamoja na barabara ile na motokaa zilizokuwamo.